Furere Georg Joseph Kamel, Mtengeneza Dawa wa Manila

Katika milima ya Kivu, penye mashamba ya chai, wachumaji hupita mapema asubuhi wakiwa na vikapu mgongoni, wakichuma kwa vidole kichipukizi na majani machanga mawili yaliyo chini yake. Wao huuita mmea huo chai, na jina hilo lawatosha kwa kazi yao. Lakini wataalamu wa mimea wanalo jina jingine, la Kilatini, linalotumika pote duniani, Uchina na Uhindi na Kongo vilevile: Camellia sinensis. Neno la pili maana yake ni wa Uchina. Neno la kwanza latokana na jina la mtu. Mtu huyo hakuwa mfalme wala tajiri, wala hakuwa padri. Alikuwa furere wa Shirika la Yesu, mtengeneza dawa, jina lake Georg Joseph Kamel.

Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1661 mjini Brno, katika Moravia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Ucheki. Mwaka 1682, alipokuwa na umri wa miaka 21, aliomba kupokewa kwa Wayezuiti. Katika shirika hilo wamo mapadri, na wamo pia mafurere, ambao hawapewi daraja ya upadri. Hawa nao hushika nadhiri za ufukara, usafi wa moyo na utii, kisha huitumikia nyumba kwa kazi za mikono yao: mmoja ni seremala, mwingine mpishi, mwingine mlinzi wa mlango. Kamel aliwekwa penye wagonjwa na dawa. Alifanya kazi hiyo katika nyumba za Wayezuiti za Jindřichův Hradec na Český Krumlov, akijifunza kwa kutenda.

Yafaa kufahamu kazi hiyo ilivyokuwa siku zile. Mtengeneza dawa hakupokea vidonge vilivyokwisha tayarishwa katika kiwanda, kwa kuwa viwanda hivyo havikuwapo bado. Dawa nyingi zilikuwa mizizi, magome, majani, maua, mbegu na utomvu. Ilimpasa kujua kila kitu huchumwa wakati gani. Mzizi huchimbwa mara nyingi majani yakiisha kunyauka, maana wakati huo nguvu ya mmea imerudi chini. Maua huchumwa yakiwa ndiyo kwanza yanafunguka. Tena majani hukaushwa kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali hupunguza harufu yake, na pengine pamoja na harufu hupungua na nguvu. Baada ya hayo vilikuja kinu na mchi, chekecheke na mizani midogo. Huyu ndiye mtu aliyesimama kati ya mgonjwa na kaburi, naye alijua kwamba akizidisha kidogo, mkono wake ndio utakaomsukuma mgonjwa kaburini.

Wakubwa wake walipoombwa watu kwa ajili ya misioni za mbali, yeye alikuwa mmoja wa waliochaguliwa. Mwaka 1687 aliondoka bandari ya Cádiz katika Hispania. Njia ya kwenda Visiwa vya Filipino haikuwa fupi. Wasafiri walivuka kwanza bahari ya Atlantiki mpaka Meksiko, wakaikata nchi hiyo kwa miguu na kwa nyumbu, milima na mabonde, hata wakafika pwani ya upande wa pili, Acapulco. Huko waliingia tena merikebuni, wakakaa majini miezi mitatu hivi, wasione nchi kavu isipokuwa visiwa vichache. Kamel alifika Manila mwaka 1688, akiwa na umri wa miaka 27. Moravia hakuiona tena.

Manila ulikuwa mji wa Wahispania, lakini waliokaa humo na pembeni yake walikuwa watu wa lugha nyingi: wenyeji Watagalogi na Wabisaya, Wachina wafanya biashara, na mabaharia wa kila namna. Wayezuiti walikuwa na chuo kikubwa hapo, kilichowekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Inyasi. Katika chuo hicho Kamel alifungua farmasi, nayo yahesabiwa kuwa ya kwanza katika visiwa hivyo. Aliwahudumia ndugu zake watawa, na wenyeji wa mji pia, tena maskini aliwapa dawa bila malipo. Karibu na nyumba alipanda bustani ya miti na majani ya dawa.

Shida ilimpata mara. Dawa alizojifunza Ulaya zilikuwa za mimea ya Ulaya. Ili zifike Manila zilipaswa kuipita njia ileile aliyoipita yeye, pamoja na joto na unyevu na mende wa merikebu. Merikebu kubwa kutoka Acapulco ilikuja kwa kawaida mara moja kwa mwaka, na kuna miaka ambayo haikufika kabisa, kwa kuwa ilizama au ilinaswa na adui. Kilichofika kilikuwa kichache, na pengine kimeota ukungu. Wagonjwa hawakungoja merikebu. Homa na kuhara damu havikungoja. Na nje ya dirisha la farmasi, msitu ulikuwa umejaa mimea ambayo Kamel hakuijua hata mmoja.

Mtu mvivu angalikaa kitako akilalamika. Mtu mwenye haraka angalitwaa jani lifananalo na jani la kwao akampa mgonjwa. Kamel hakufanya hili wala lile. Alianza kujifunza upya, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Aliwauliza wenyeji, maana wao ndio waliokuwa wakijitibu tangu mababu zao kwa mimea ya nchi yao. Aliandika jina la kila mmea kama wenyeji walivyolitamka, kwa Kitagalogi au kwa lugha za Wabisaya, akaandika na kazi yake. Watu wengi wa Ulaya wa wakati ule waliyatupa majina hayo kama kitu kisicho na maana. Kamel aliyatunza, na hapo alionyesha akili, kwa sababu jina la mwenyeji ndilo mlango wa kumrudia yule anayejua.

Lakini jina peke yake halitoshi. Mti mmoja huwa na majina kumi katika vijiji kumi, na jina moja hupewa miti mitatu isiyo na udugu hata kidogo. Wageni nao waliongeza fujo, maana walikuwa wakiuita mti wa ugenini kwa jina la mti wa kwao kwa sababu tu maua yanafanana rangi. Kwa hiyo atakaye kuutambua mmea wa dawa hana budi kuuhoji kama shahidi barazani. Aanze na majani. Je, hukaa mawili mawili yakielekeana juu ya tawi, au hupeana zamu moja moja? Ukingo wake ni laini, au una meno kama msumeno? Mishipa yake hutoka pamoja karibu na kikonyo, au hupangana kama mifupa ya samaki? Avunje tawi aone kama latoa maziwa, au maji, au halitoi kitu. Anuse. Kisha, na hili wengi hawana saburi nalo, angoje ua na tunda. Majani hudanganya, maana hubadilika penye kivuli na penye jua, na katika mti mchanga na mti mzee. Ua na tunda hudanganya kwa shida zaidi. Mtu aliyeona majani matupu akasema anaujua mmea, asiaminiwe bado.

Kamel alikausha matawi kati ya karatasi, yakiwa na majani na, ilipowezekana, ua na tunda. Tena alichora. Alichora mamia ya mimea kwa mkono wake, tawi na ua na tunda, hata mtu aliye mbali aweze kuutambua mmea ambao hajauona kwa macho. Aliandika pia juu ya ndege, buibui, kaa na konokono wa bahari, lakini mimea ndiyo iliyokuwa moyo wa kazi yake.

Miongoni mwa yote aliyoyachunguza, kitu kimoja kilipata sifa kuliko vingine, nacho ni mbegu. Ilitoka hasa katika visiwa vya Wabisaya, kama Samar, ambako Wayezuiti walikuwa na misioni. Mti wake ni wa kutambaa, mgumu, upandao juu ya miti mingine mpaka kwenye kilele. Tunda lake ni la mviringo, lenye ganda gumu kama kibuyu, na ndani yake mna mbegu nyingi zilizobanana, ngumu kama jiwe, zenye pembe pembe, rangi ya kijivu au ya kahawia. Ladha yake ni chungu kupita kiasi. Wayezuiti waliipa jina la mwanzilishi wao, wakaiita mbegu ya Mtakatifu Inyasi. Wenyeji waliithamini mno. Walikwangua kidogo wakachanganya na maji dhidi ya maumivu ya tumbo, homa na sumu. Wengine hawakuinywa kabisa, bali waliivaa shingoni kama hirizi, wakiamini kwamba itawakinga na sumu na wachawi.

Juu ya hirizi hiyo hapana haja ya maneno mengi. Mbegu iliyofungwa shingoni haimponyi mtu wala haimwui, yaning'inia tu. Lakini mbegu hiyohiyo ikitiwa kinywani ni habari nyingine, na ni habari ya kutisha. Ndani yake mna sumu ambayo leo huitwa strikinini. Mtu akimeza nyingi, misuli yake yote hukaza kwa ghafula, taya hufungwa, mgongo hupindika kama upinde, tena akili yake haipotei, anajua yote yanayompata, hata pumzi inapokatika. Kipimo kisichofika gramu moja ya sumu hiyo chatosha kumwua mtu mzima mwenye nguvu. Nayo katika vipimo vidogo sana huamsha mishipa ya fahamu na kuchochea tumbo, na kwa hiyo watu waliiona kuwa dawa. Kati ya kinachoamsha na kinachoua pana nafasi nyembamba kama ukingo wa kisu. Leo waganga wa hospitali hawaitoi tena kama dawa, maana wanazo nyingine zilizo salama zaidi.

Mti huo una ndugu katika Afrika, na mfano wao unafundisha sana. Katika nyika za Katanga na za Tanzania umo mtonga, ambao tunda lake la mviringo lenye ganda gumu hupasuliwa na wachungaji na watoto wakala nyama yake tamu. Katika misitu mikubwa ya Kongo umo ndugu mwingine, wa kutambaa, ambao mzizi wake una strikinini. Huo ndio Wazande wa Uele walioutengenezea benge, sumu waliyowanywesha kuku ili kupata hukumu. Ukiyachukua majani ya miti hiyo, wa Samar, wa Katanga na wa Uele, utakuta yote hukaa mawili mawili yakielekeana, na mishipa mikubwa mitatu au mitano huanza karibu na kikonyo na kupanda kuelekea ncha. Ni kabila moja. Mmoja hulisha watoto, na wawili huua. Asiyejua kuwatenganisha, na akategemea tu kwamba majani yanafanana, atazika watu.

Kamel aliandika kwa Kilatini habari za mbegu hiyo, sura yake, majina yake na jinsi watu walivyoitumia. Lakini maandiko yaliyofungiwa sandukuni Manila yangalimfaa nani? Aliwatafuta watu wa kusoma naye. Katika Batavia, mji ambao leo huitwa Jakarta, alikuwako mganga Mholanzi, Willem ten Rhijne. Katika Madras, pwani ya Uhindi, walikuwako waganga Waingereza wa kampuni ya biashara, Samuel Browne na baada yake Edward Bulkley. Kwa mikono ya hao barua zake zilifika London kwa James Petiver, naye pia mtengeneza dawa, na kwa John Ray, mtoto wa mhunzi aliyekuwa mjuzi wa mimea kuliko wote katika Uingereza.

Msomaji atazame jambo hili vizuri. Kamel alikuwa mtawa Mkatoliki katika nchi ya mfalme wa Hispania. Hao wengine walikuwa Waprotestanti, Waholanzi na Waingereza, ambao mataifa yao yalishindana na Hispania baharini na mara kwa mara yalipigana nayo kwa mizinga. Katika Uingereza ya siku zile Myezuiti alikuwa mtu wa kufungwa gerezani. Hata hivyo hao watu walipelekeana mbegu, majani makavu na barua, kila mmoja akimwuliza mwenziwe habari za mimea na kumsahihisha alipokosea. Barua ilichukua mwaka au zaidi kufika, nayo ilikwenda kwa merikebu za wafanya biashara waliokuwa na shughuli nyingine kabisa.

Mzigo wa kwanza Kamel aliopeleka Uingereza haukufika. Maharamia waliikamata merikebu baharini, na mimea na michoro vikapotea. Ni vigumu kufikiri maharamia walifanyia nini majani makavu na picha za miti. Kazi ya miaka, iliyochorwa usiku baada ya wagonjwa kulala, ilikwisha namna hiyo. Mafurere wengine wangalimwambia kwamba Mungu amemwonyesha arudi kwenye kinu chake. Kamel alianza tena. Alichora upya, alikausha upya, aliandika upya, akapeleka tena.

Safari hii vilifika. Mwaka 1699 habari za mbegu ya Mtakatifu Inyasi zilipigwa chapa London katika jarida la Shirika la Kifalme, ambalo wataalamu wa Ulaya nzima walilisoma. Tena mwaka 1704 John Ray alitoa kitabu cha tatu cha kazi yake kubwa juu ya mimea, na mwisho wa kitabu hicho aliongeza sehemu nzima iliyokuwa ya Kamel, yaani mimea ya kisiwa cha Luzon, ambamo mna Manila, na ya visiwa vingine vya Filipino. Ray alikuwa mzee wakati huo na mgonjwa. Alikufa mwezi wa Januari 1705. Huyo ndiye aliyewaonyesha wataalamu kwamba mimea yenye maua yaweza kupangwa kwa kutazama mbegu inavyoota: mingine hutoa jani moja la kwanza, kama mahindi, mingine hutoa mawili, kama maharagwe. Kila mkulima aliwahi kuyaona majani hayo mashambani mwake, lakini ilihitajika miaka mingi kabla mtu hajaona kwamba yanagawanya mimea ya dunia.

Hapo pana hasara moja. Kitabu cha Ray hakikuwa na picha, kwa kuwa hapakuwa na fedha za kuzichonga na kuzipiga chapa. Maneno ya Kamel yalisomwa, lakini michoro yake haikuonekana pamoja nayo, isipokuwa michache ambayo Petiver aliitoa mahali pengine. Hii ni sababu moja iliyofanya jina lake lisivume kama lilivyostahili, maana katika kuutambua mmea, picha moja njema yapita kurasa tano za maneno. Mtu asomaye kwamba jani ni refu na laini lenye ncha, aweza kufikiri majani mia. Akiona picha, hafikiri ila moja.

Kamel aliendelea na kazi yake ya kila siku, kinu, mizani na vitanda vya wagonjwa. Hapo Manila aliishi miaka 18. Mwaka 1706 ugonjwa wa tumbo na kuhara, ambao aliutibu kwa wengine mara zisizohesabika, ulimshika yeye mwenyewe. Alikufa tarehe 2 Mei, siku kumi na moja tu baada ya kutimiza miaka 45.

Karatasi zake zilisafiri kuliko alivyosafiri mwenyewe. Petiver alipokufa mwaka 1718, mkusanyo wake ulinunuliwa na mganga Hans Sloane, na vitu vya Sloane ndivyo vilivyokuwa mwanzo wa nyumba kubwa ya makumbusho ya London. Kwa hiyo mimea aliyoikausha Kamel katika joto la Manila ingali inatunzwa katika mji ambao hakuuona. Michoro yake mingine imehifadhiwa Leuven katika Ubelgiji, mji uleule ambamo mapadri wengi waliofika Kongo walisomea.

Na mbegu chungu ya Samar haikusahauliwa. Mwaka 1818, huko Paris, Wafaransa wawili, Pierre Joseph Pelletier na Joseph Caventou, waliichunguza katika chumba chao cha kazi, wakafaulu kuitenga ile sumu yenyewe, chembe nyeupe zilizo safi, wakaipa jina la strikinini. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na mtu aliyeweza kusema katika mbegu moja mna kiasi gani cha sumu, maana mbegu hazilingani: moja kali, nyingine hafifu, na mtengeneza dawa alipima kwa mizani kitu ambacho nguvu yake hakuijua. Sasa kilichopimwa kilikuwa ndicho kitu chenyewe. Miaka miwili baadaye, mwaka 1820, watu hao wawili waliichukua kazi ileile kwa gome la mti wa Peru ambalo Wayezuiti walikuwa wamelileta Ulaya tangu zamani kwa kutibu homa, wakatoa ndani yake kinini. Ni dawa hiyo iliyookoa watu wasiohesabika katika nchi za malaria, na mti wake ulikuja kupandwa katika Kivu pia.

Jina la Kamel lenyewe lilipata njia yake kwa mtu mwingine. Carl Linnaeus, Mswidi aliyetengeneza utaratibu wa kuipa kila mmea majina mawili ya Kilatini, la ukoo na lake mwenyewe, alikuwa na desturi ya kuwakumbuka wataalamu waliotangulia kwa kuwapa koo za mimea. Kuna mti mdogo wa Japani na Uchina wenye majani magumu yanayong'aa na maua makubwa, mekundu au meupe, ambao ukoo wake Linnaeus aliupa jina Camellia. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1753 limo jina hilo. Kamel hakuwa ameupeleka mti huo Ulaya, wala si katika mimea aliyoifanyia kazi. Alipewa ua zuri la nchi nyingine, na lile chungu la Samar likabaki na jina la Mtakatifu Inyasi.

Chai wakati ule ilihesabiwa kuwa ya ukoo mwingine. Lakini wataalamu waliofuata waliliweka ua la chai kando ya ua la kamelia, wakahesabu majani ya ua, wakapasua tunda, wakaona kwamba ni ndugu wasioweza kutenganishwa. Tangu mwaka 1887 chai ina jina la Camellia sinensis. Katika mashamba ya Kivu ua hilo halionekani mara nyingi, kwa kuwa matawi hukatwa daima ili yatoe majani machanga. Lakini kichaka kikiachwa pembeni mwa shamba bila kukatwa, hutoa ua dogo jeupe, lenye nyuzi nyingi za manjano katikati, na baada yake tunda gumu lenye mbegu moja, mbili au tatu.